Toronto walishona kanzu kabla ya mtoto kuzaliwa

Watu wawili tu. Hao ndio walikuwa wamebaki kati ya Toronto na kikombe ambacho mji huo haujakigusa tangu 1993.

Ilikuwa Jumapili, Novemba 2, huku kwetu kukipambazuka ilhali kule Canada Jumamosi haijaisha. Mechi ya 7 na ya mwisho ya World Series, fainali ya besiboli ya Amerika Kaskazini, ilikuwa imefika kipindi cha tisa. Toronto Blue Jays 4, Los Angeles Dodgers 3. Toronto walihitaji kuwatoa wapigaji wawili zaidi, basi, mambo yaishe. Zaidi ya watu 44,000 walikuwa wamejaa uwanja wa Rogers Centre. Aliyesimama kupiga alikuwa Miguel Rojas, Mvenezuela wa miaka 36, mtu wa tisa kwenye orodha ya wapigaji, yaani pale kocha humweka mtu ambaye hamtegemei sana kwa kupiga. Sehemu kubwa ya fainali hiyo Rojas alikuwa ameitazama akiwa benchi.

Rojas akaugonga mpira ukapaa upande wa kushoto ukatua kwa mashabiki. 4-4.

Nimerudia hiyo klipu mara nyingi wiki hii na siku hizi hata siangalii mpira. Nasikiliza uwanja. Kelele inapanda, inapanda, halafu ni kama mtu amechomoa spika ukutani. Kinachobaki ni sauti ya wachache waliovaa buluu ya Dodgers, wanapiga nduru kwenye kona zao. Mpira mmoja, sekunde kama tano hivi, na miji miwili imebadilishana roho.

Kama hufuati besiboli usitoroke bado. Sitakufundisha sheria zote, hata mimi kuna zingine bado zinanichanganya. Jua mambo matatu tu. Mechi ina vipindi tisa. Katika kila kipindi kila timu inapewa nafasi ya kupiga hadi watu wake watatu watolewe. Na mtu akiupiga mpira ukavuka ukuta mpaka kwa mashabiki, anazunguka vituo vyote polepole kama mtu anaenda dukani, na hakuna wa kumgusa.

Halafu kuna hili, na ndilo kubwa kuliko yote: hakuna saa. Kuna kisaa walileta 2023 cha kumharakisha mrushaji, lakini hicho hakimalizi mechi. Kwenye soka timu ikiongoza dakika ya 85 tunajua kinachofuata. Kipa anafunga viatu mara tatu. Beki anaguswa bega anaanguka akishika goti. Mpira unapelekwa kwenye kona na kukaliwa huko kama yai. Shabiki wa timu inayoongoza anatazama saa, na saa inamsaidia. Besiboli haikupi huo msaada. Unaongoza, sawa, lakini bado lazima umrushie adui mpira, tena mahali anapoweza kuufikia, mpaka wale watatu watoke. Unaongoza kwa pointi moja na huna pa kujificha. Ndiyo maana huwa nasema huu mchezo uliundwa na mtu aliyetaka kutesa mashabiki, kisha akaongeza soseji na bia wavumilie.

Sasa, hawa mashabiki walikuwa kina nani? Hapa ndipo mambo huacha kuwa ya mchezo pekee.

Toronto ndiyo timu pekee ya ligi hiyo iliyo nje ya Marekani, tangu ile ya Montreal ihamishiwe Washington baada ya msimu wa 2004. Kwa hivyo Blue Jays wakifika mbali, wanakuwa timu ya nchi nzima. Na mwaka huu nchi hiyo imekuwa na hasira. Rais Donald Trump amekuwa akirudia kwamba Canada inafaa kuwa jimbo la 51 la Marekani. Ushuru ukaja, na Agosti ukapandishwa hadi asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa za Canada. Februari Canada ilipowafunga Marekani 3-2 katika hoki ya barafu kule Boston, watu walisherehekea kama wamepata uhuru mara ya pili. Na sasa sikia hii. Fainali ya besiboli ilipoanza Oktoba 24, serikali ya jimbo la Ontario ilikuwa inarusha tangazo la televisheni likitumia sauti ya Ronald Reagan, kutoka hotuba yake ya 1987, akikosoa ushuru. Trump alikasirika akatangaza amevunja mazungumzo ya biashara. Tangazo likaendelea kuonyeshwa wikendi hiyo, katikati ya mechi zenyewe, naye akasema ataongeza asilimia 10 nyingine juu.

Kwa hivyo mtu wa Toronto aliyekuwa ameshika kichwa usiku huo hakuwa anawaza besiboli peke yake. Zaidi ya Wakanada milioni 10 walikuwa wanatazama, kwa nchi ya watu kama milioni 41. Wengine wao, nina uhakika, hawangeweza kukuambia kituo cha pili kiko wapi. Timu yenyewe imejaa Wamarekani. Vladimir Guerrero Jr., nyota wao, alizaliwa Montreal baba yake akichezea timu ya huko, lakini alilelewa Jamhuri ya Dominika. Haikuwa na neno. Mji ambao karibu nusu ya wakazi wake walizaliwa nchi nyingine hauwezi kuanza kuuliza mtu kitambulisho mlangoni.

Upande wa Los Angeles nao mambo hayakuwa shwari. Huko mashabiki wengi wa Dodgers ni watu wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati. Juni mwaka huu maafisa wa uhamiaji, ICE, waliingia mjini wakikamata watu kwenye maeneo ya kazi na barabarani, na maandamano yakalipuka. Klabu ikanyamaza. Watu waliojaza uwanja huo miaka na miaka, wakinunua jezi kwa bei ya kodi ya nyumba, wakauliza: nyinyi ni wetu ama mko na nani? Na Aprili tu wachezaji walikuwa wameenda Ikulu ya White House kupiga picha na Trump. Baadaye klabu ilisema imewazuia maafisa kuingia kwenye maegesho ya uwanja wake, ikaahidi dola milioni 1 kwa familia zilizoathirika. Kuna waliotulia na kuna ambao hawajatulia hadi leo. Kwa hivyo hata ule upande ulioshinda ulikuwa na mtu anayeshangilia huku ana kinyongo na aliye mshangilia. Hiyo hali wengi wetu tunaijua, sitataja timu.

Turudi uwanjani.

Kipindi cha tatu, Bo Bichette, ambaye goti lilimweka nje tangu Septemba hadi fainali ianze, alimpiga Shohei Ohtani mpira mmoja ukavuka ukuta watu wawili wakiwa tayari vituoni. 3-0. Ohtani ndiye mchezaji maarufu zaidi duniani kwenye huu mchezo, mkataba wa dola milioni 700, anarusha na anapiga. Kule Japan ilikuwa Jumapili asubuhi. Toronto ikapasuka. Ukizingatia kwamba kikombe chao cha mwisho, 1993, kilitoka kwa mpigo kama huo wa Joe Carter ndani ya uwanja huo huo, unaelewa kwa nini watu wazima walianza kulia mapema. Waliona hadithi inajirudia.

Kuanzia hapo, kwa zaidi ya saa mbili, Toronto hawakuwahi kuwa nyuma. Weka hilo kichwani. Dodgers walipata moja, 3-1. Wakapata nyingine, 3-2. Toronto wakajibu, 4-2. Katikati wachezaji wakatoka benchi wakasukumana kidogo baada ya mrushaji wa Dodgers kumgonga Andrés Giménez kwa mpira. Kipindi cha nane Max Muncy akapiga nje, 4-3, na mrushaji aliyepigwa alikuwa Trey Yesavage, kijana wa miaka 22 ambaye mwanzoni mwa msimu alikuwa akicheza ligi ya chini ya mafunzo. Lakini bado mnaongoza. Kila pointi ya Dodgers ilikuwa inauma halafu inasahaulika, kwa sababu ubao bado ulisema Toronto iko mbele. Ile hali ya kuongoza muda mrefu huwa inafanya kazi polepole kwa kichwa. Inaacha kuwa bahati, inakuwa mali yako. Unaanza kupanga Jumatatu utaomba ruhusa kazini. Unaandikia mjomba.

Shabiki wa Dodgers kwa wakati huo alikuwa ameshazika. Tangu kipindi cha tatu alikuwa anazoea kupoteza, pole pole, kama maji baridi unayoingia kwa hatua. Halafu Rojas.

Hapa watu wengi waliosimulia hii mechi huruka moja kwa moja hadi mwisho, na mimi naona wanaacha nyama ya hadithi. Sehemu kali zaidi ilikuwa nusu ya pili ya kipindi hicho cha tisa, baada ya Rojas. Toronto bado walikuwa na zamu ya kupiga. Pointi moja tu wamalize.

Na walijaza vituo vyote vitatu. Mtu mmoja ametolewa, vituo vimejaa, hata mpira wa juu wa kawaida unatosha kumleta mtu nyumbani. Dodgers wakamwingiza Yoshinobu Yamamoto, Mjapani aliyekuwa amerusha mipira 96 jana yake tu katika mechi ya 6. Mrushaji wa kiwango hicho hupumzishwa siku nne au zaidi. Huyu alirudi baada ya usingizi wa usiku mmoja, na mtu wa kwanza aliyemkabili akamgonga kwa mpira. Daulton Varsho akapiga chini, mpira ukamwendea nani? Rojas tena. Akateleza, karibu aanguke, akajishika, akarusha nyumbani. Isiah Kiner-Falefa alikuwa anakimbia kutoka kituo cha tatu. Akachelewa kwa inchi. Wakarudia video, mguu wa mdakaji Will Smith ulikuwa umegusa ama haukugusa, uamuzi ukabaki vile vile. Ametoka.

Siku hizi Kiner-Falefa analaumiwa mtandaoni kwamba alisimama karibu sana na kituo, angesogea hatua moja mbele angefika. Yeye alieleza kwamba aliagizwa akae karibu. Na sababu ipo: mechi ya 6, usiku uliotangulia, iliisha Toronto wakikamatwa nje ya kituo, mpira ukadakwa na kurushwa, watu wawili wakatolewa kwa mpigo mmoja. Walikuwa wanaogopa kosa la jana. Woga wa jana ukawanyima inchi za leo. Kama kuna kitu cha kuchambua kwenye hii fainali, ni hiki, na hakihusu kipaji hata kidogo.

Mpigaji aliyefuata, Ernie Clement, akaupiga mbali upande wa kushoto. Kwa sekunde moja uwanja mzima uliamini ndio huo. Andy Pages, aliyeingizwa dakika chache tu awali, akakimbia kutoka katikati, akamgonga mwenzake Kiké Hernández, wote wakaanguka karibu na ukuta. Kiké akabaki kifudifudi. Mpira ulikuwa ndani ya glavu ya Pages.

Kwa hivyo ukihesabu, shabiki wa Toronto katika kipindi hicho kimoja aliwahi kuwa bingwa mtarajiwa, akapokonywa, akawa bingwa tena kwa inchi, akapokonywa, akawa bingwa kwa sekunde mpira ukiwa hewani, akapokonywa. Mara tatu. Wa Dodgers naye alifufuka kisha akauawa mara mbili na kufufuliwa mara mbili. Hakuna mwili wa binadamu ulioumbwa kwa hayo mambo baada ya saa tano usiku.

Kipindi cha kumi Dodgers walijaza vituo wakatoka mikono mitupu. Kipindi cha 11, watu wawili wametolewa, mrushaji wa Toronto akiwa Shane Bieber (si yule wa muziki), Will Smith akapiga nje. Huyo naye si yule wa sinema. 5-4. Na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza usiku wote Dodgers kuongoza.

Guerrero akafungua zamu ya mwisho kwa kufika kituo cha pili. Toronto ikaamka tena, buda, watu hawa hawachoki. Nafasi iliyofuata ilikuwa ya Bichette, yule wa 3-0. Lakini Bichette alikuwa amekaa benchi. Walimtoa kipindi cha tisa ili Kiner-Falefa mwenye miguu mizima amkimbilie. Kwa hivyo Kiner-Falefa ndiye aliyesimama pale, akagusa mpira kidogo tu kumsogeza Guerrero hadi kituo cha tatu. Baadaye Alejandro Kirk akapiga, gongo likavunjika mkononi, mpira ukamfikia Mookie Betts, wawili wakatolewa mara moja. Kwisha. Kule ilikuwa imepita saa sita usiku, kwetu imepita saa moja asubuhi, watu wanaenda kanisani.

Yamamoto akapewa tuzo ya mchezaji bora, ushindi mara tatu katika fainali moja. Jeff Hoffman, aliyempa Rojas ule mpira, aliwaambia waandishi kwamba yeye ndiye aliyewanyima wenzake wote pete ya ubingwa. Clement alisema amelia karibu saa nzima, mtu aliyeweka rekodi ya mipigo 30 katika michuano ya mtoano ya mwaka mmoja. Na kama unapenda hesabu za kuuma, jumlisha pointi za mechi zote saba: Toronto 34, Dodgers 26. Walifunga zaidi wakapoteza.

Sasa mbona inauma hivi? Jibu la haraka ni kwamba walipoteza. Lakini mashabiki hupoteza kila mwaka. Mwaka jana hawa Blue Jays walimaliza wa mwisho kwenye kundi lao na hakuna aliyelia hadharani. Kilichouma ni umbali kati ya mahali walipokuwa wamefika kichwani na mahali walipoangushiwa.

Si mimi nasema tu. Kuna utafiti wa wachumi wawili, David Card na Gordon Dahl, uliochapishwa 2011. Walichukua mechi za soka ya Marekani na kuzilinganisha na ripoti za polisi za wanaume kuwapiga wake na wapenzi wao nyumbani. Timu ya nyumbani ikipoteza mechi ambayo ilitarajiwa kushinda waziwazi, ripoti hizo zilipanda kwa karibu asilimia 10. Ikipoteza mechi ambayo ilitarajiwa kuwa ngumu, hakuna mabadiliko makubwa. Na ikishinda bila kutarajiwa, hiyo furaha haikupunguza kipigo. Soma hiyo sentensi mara mbili. Kupoteza ni kule kule, pointi ni zile zile. Kinachotofautiana ni kile mtu alikuwa amejiwekea mfukoni kabla ya filimbi.

Hilo ndilo linafanya mabadiliko ya moyo ndani ya mechi moja yasiwe kitu cha kuchekesha tu. Tunapenda meme ya jamaa analia na bendera usoni. Lakini yule jamaa anarudi nyumbani na kuna watu wanamsubiri huko, na wengine wao wanajua kwa namna mlango unavyofunguka kama timu imeshinda ama imeshindwa. Sijasikia lolote la hivyo kuhusu Toronto, tusieneze uvumi. Nasema tu takwimu zipo, na hazihusu besiboli peke yake. Huku kwetu, ambako mtu ana timu ya Uingereza moyoni na tiketi ya kamari kwenye simu kwa mechi hiyo hiyo, nadhani hesabu ni mbaya zaidi. Kile kitufe cha kutoa pesa kabla mechi haijaisha kimewekwa pale kwa sababu kampuni zinajua bei ya kile kichwa kinachojiona kimeshinda dakika ya 80. Wanakuuzia utulivu wako mwenyewe kwa punguzo.

Kuna utafiti mwingine wa zamani, 1976, wa Robert Cialdini na wenzake huko Marekani. Waliwauliza wanafunzi kuhusu mechi za chuo chao. Timu ikishinda, wengi walisema “sisi tulishinda”. Ikipoteza, ghafla inakuwa “wao walipoteza”. Sisi na wao, ndani ya mdomo mmoja. Nadhani uchungu wa Toronto ni kwamba walikuwa wamesema “sisi” kwa sauti kubwa mno, nchi nzima, na bendera, na waziri mkuu wa jimbo, hata hawangeweza kurudi kwenye “wao” asubuhi iliyofuata. Ukishasema timu ni Canada yenyewe, utaikimbilia wapi?

Na kabla hujawaonea huruma sana, kumbuka Seattle. Oktoba 20, siku 12 tu kabla, Blue Jays hao hao waliwafanyia Mariners kitu kile kile. Seattle walikuwa wanaongoza 3-1 katika mechi ya 7 ya nusu fainali, wamebakisha kutoa watu wanane waingie World Series kwa mara ya kwanza tangu timu ianzishwe 1977. George Springer akapiga nje watu wawili wakiwa vituoni. 4-3, kwisha habari. Usiku ule watu wa Toronto hawakuuliza Seattle inajisikia vipi. Mimi nisingewauliza pia.

Lawama iliyobaki ni ya pesa. Nusu ya mitandao inasema Dodgers walinunua kikombe, na ni kweli kwamba hakuna timu inayolipa mishahara kama wao. Yamamoto peke yake ana mkataba wa dola milioni 325. Lakini ukiwa mkweli, Toronto si maskini. Wanamilikiwa na Rogers, kampuni kubwa ya simu, na Aprili walimpa Guerrero dola milioni 500 kwa miaka 14. Hii ilikuwa vita ya tajiri na tajiri zaidi. Na aliyewaua si mtu wa milioni 700, ni mtu wa tisa kwenye orodha. Hata hivyo sitaki kuuza hadithi ya mnyonge hapa. Pesa haikupiga ule mpira wa Rojas. Pesa ilihakikisha kwamba baada ya Rojas kusawazisha kuna Yamamoto wa kurusha vipindi viwili na zaidi bila kuruhusu pointi, ilhali timu nyingine ingekuwa inatafuta mtu yeyote mwenye mkono. Pesa hukununulia nafasi ya pili, na katika mchezo usio na saa nafasi ya pili ni kitu kikubwa sana. Mkataba kati ya wamiliki na wachezaji unaisha Desemba 1, 2026, na tayari wamiliki wengine wanataka kikomo cha mishahara. Chama cha wachezaji hakitaki hata kulisikia hilo neno. Mwaka ujao usishangae ukisikia ligi imefungwa.

Jumatatu, Novemba 3, Dodgers walizunguka Los Angeles kwenye mabasi ya wazi, kombe la pili mfululizo, kitu ambacho hakuna timu ilikuwa imefanya tangu Yankees ya 1998 hadi 2000. Bendera za Mexico zilikuwepo, za Japan pia. Toronto siku hiyo watu walienda kazini. Wale walioomba ruhusa mapema, sijui walimwambia bosi nini.